PS4 za banda ziko toleo 9.00: nizilinde vipi zisije zikaapdetiwa?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Naendesha banda la gemu hapa Kahama. Nina PS4 Slim nne, zote zilikrakiwa (zilifunguliwa kufuli la Sony) zikiwa toleo 9.00 la mfumo, na wateja wangu karibu wote ni wa mpira. Sasa nina matatizo mawili yaliyonijia kwa mkupuo.

Mashine ya kwanza iliunganishwa na waifai ya simu. Ujumbe wa apdeti ukatokea, mteja akabonyeza X mpaka mwisho. Sasa kwenye taarifa za mfumo inasoma toleo jipya kabisa, na njia ya kukraki tuliyoizoea inagoma. Kuna mtu anataka kuniuzia flashi ya "kushusha toleo" kwa shilingi 60,000.

Mashine ya pili haiwaki tangu umeme ulipokatika katikati ya gemu. Inaleta CE-34335-8. Fundi wa mtaani anasema hadi diski (diski ya ndani inayohifadhi mfumo na gemu) imekufa, atafunga nyingine ya GB 500, kisha apakue faili la mfumo kwenye tovuti ya Sony amalizie kazi. Nimemwomba asubiri kwanza nikuulize.

Mbili zilizobaki ni nzima. Nimezima apdeti za kujipakua zenyewe. Je, inatosha?

Mwenye banda, Kahama

JIBU

Ndugu yangu, naanza na mashine ya pili kwa sababu fundi wako anasubiri, na umefanya vema sana kumsubirisha. Watu wanaiogopa intaneti, na wana haki. Lakini PS4 zilizokrakiwa huponzwa pia mezani kwa fundi, siku hadi diski inapokufa, na fundi mwenyewe anakuwa hana kosa kwa jinsi alivyofundishwa kazi.

Iko hivi. Mfumo wa PS4 umegawanyika. Sehemu ya kuwashia imo kwenye chipu ya MB 32 iliyo juu ya bodi, na sehemu kubwa iliyobaki imo kwenye hadi diski. Ukifunga diski mpya tupu, chipu inajua kwamba mashine ni 9.00, ila kwenye diski haikuti kitu. Hapo mashine inaingia "Safe Mode" (hali ya dharura) na kuomba flashi yenye faili la mfumo. Soma ule ujumbe polepole: unasema inataka faili la toleo 9.00 "or later", yaani 9.00 au la baadaye. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayowaliza watu. Tovuti ya Sony inatoa toleo la karibuni tu, fundi analipakua, mashine inalipokea bila kinyongo, inawaka vizuri, anakukabidhi. Toleo lako la 9.00 limeondoka na halirudi kwa njia ya kawaida, kwa sababu mashine hupokea toleo lililo sawa na lake au la juu yake, la chini hulikataa.

Kwa hiyo faili la kuwekwa ni la 9.00 tu, sio jingine.

Kabla hata ya hapo, hakikisha diski imekufa kweli. CE-34335-8 maana yake ni kwamba mashine haiioni diski au haiwezi kuisoma, na wakati mwingine tatizo ni mguso. Kwenye Slim, kifuniko kidogo cha pembeni nyuma kinavutika kwa kidole. Ndani kuna skrubu moja, trei inatoka ikiwa na diski iliyoshikwa kwa skrubu nne. Itoe, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe ikae sawasawa, ujaribu kuwasha. Ikigoma, ichomeke kwenye kompyuta kwa adapta ya SATA kwenda USB na uangalie afya yake kwa programu kama CrystalDiskInfo. Windows itakuuliza kama uifomati. Kataa. Kompyuta haiwezi kusoma yaliyomo kwa sababu PS4 huyafunga kwa ufunguo wa mashine ile ile, lakini hali ya diski itaonekana.

Ikiwa diski bado inazunguka na imeharibika sehemu chache, kuna njia bora kuliko zote, na mafundi wengi hawaijaribu: ihamishe yote, sekta kwa sekta, kwenda diski nyingine yenye ukubwa ule ule au zaidi. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na ddrescue, ambayo huruka pale palipooza na kuparudia mwishoni. Nakala ikitoka salama, unaifunga kwenye mashine ile ile nayo inawaka ikiwa na gemu zake, sevu zake na 9.00 yake. Hakuna faili la mfumo linalohitajika hapo. Inaweza kuchukua saa nyingi, hata usiku kucha. Nakala hiyo haitafanya kazi kwenye PS4 nyingine, wala usijaribu kubadilishana diski kati ya mashine zako, kwani itakuomba uanze upya.

Diski ikiwa imekufa moja kwa moja, nunua ya inchi 2.5, SATA, unene usiozidi milimita 9.5. Kisha tafuta faili la 9.00, na hapa kuna mtego. Kila toleo la PS4 lina mafaili mawili na yote mawili yanaitwa PS4UPDATE.PUP. Dogo ni la kuapdeti mashine inayowaka, na ukubwa wake ni kama nusu GB. Kubwa, la GB 1 hivi, ni la kusakinisha mfumo upya kwenye diski tupu. Unalotaka ni kubwa. Ukiweka dogo, mashine itaendelea kuomba faili kana kwamba flashi haina kitu, na hapo ndipo mtu anakata tamaa na kwenda kupakua la Sony.

Kwa kuwa faili la 9.00 utalipata kwa watu wengine, usiliamini kwa jina lake. Faili lililochakachuliwa mashine italikataa, maana hukagua saini. Hatari yako ni faili halali lakini la toleo jingine, mfano 9.03 aliyoipachika mtu jina la 9.00. Mashine hailikatai hilo hata kidogo, na 9.03 ndiyo iliyoziba tundu la 9.00 tunalopitia kukraki. Piga hesabu ya MD5 (namba inayotambulisha faili) kwenye kompyuta, ulinganishe na namba iliyoandikwa sehemu mbili tofauti zisizohusiana. Herufi moja ikitofautiana, lifute.

Flashi ifomatiwe FAT32 au exFAT. Ndani weka folda PS4, ndani yake folda UPDATE, ndani yake PS4UPDATE.PUP, vyote kwa herufi kubwa. Angalia jina lisiwe "PS4UPDATE (1).PUP", kama linavyokuwa ukipakua mara mbili, wala PS4UPDATE.PUP.PUP, ambayo hutokea Windows ikiwa imeficha mkia wa jina. Chomoa waya wa mtandao. Mashine ikiwa imezimwa kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia: utasikia mlio mmoja, halafu baada ya sekunde kama 7 mlio wa pili, ndipo uachie. Unganisha padi kwa kebo yake, bonyeza kitufe cha PS, chagua namba 7, ile ya kusakinisha mfumo upya. Namba 3 usiiguse, ina njia ya kupakua toleo jipya kutoka mtandaoni. Na kabla hujaanza angalia luku ina yuniti za kutosha. Umeme kukatika wakati mfumo unaandikwa kwenye chipu unaweza kuiua bodi, na hilo ni tatizo jingine kubwa kuliko diski.

Ikiwaka, itakutaka uweke intaneti. Ruka. Nenda kwenye "System Information" uone kwa macho yako imeandikwa 9.00. Kisha kumbuka kwamba diski mpya imefuta ulinzi wote wa zamani. Ule mpangilio wa kujipakulia apdeti umerudi kuwa umewashwa, kwa sababu ndivyo mashine inavyotoka kiwandani. Wengi huiokoa mashine kwa shida yote hiyo, halafu wanaiunganisha na waifai jioni ile ile.

Sasa zile mbili nzima. Kuzima kujipakua ni lazima, na uzime pote: kwenye Settings, System, "Automatic Downloads", toa tiki kwenye "System Software Update Files" pamoja na kipengele cha kuruhusu mashine ijizime na kujiwasha. Kwenye mipangilio ya kuokoa umeme, toa tiki ya kubaki na intaneti mashine ikiwa imelala. Lakini hayo hayatoshi. Mpangilio ule unaizuia mashine isipakue yenyewe, haumzuii mteja mwenye padi mkononi. Akijaribu kucheza mtandaoni, mashine itamwambia aapdeti kwanza, naye atakubali kwa sababu anataka mechi.

Fungua pia orodha ya vipakuliwa kwenye arifa. Kama faili la apdeti lilishaingia zamani, liko pale linasubiri X moja tu. Weka alama juu yake, bonyeza Options, chagua Delete.

Mlango wa intaneti ufunge kwenye chanzo. Kubadili DNS (seva inayoitafutia mashine anwani za tovuti) ndani ya PS4 kunasaidia, ila mtu yeyote akiunganisha waifai nyingine kwa njia ya haraka, DNS yako inaondoka. Kama banda lina ruta, ingia kwenye ruta yenyewe, uzuie playstation.net na playstation.com kwa mashine hizo kwa kutumia namba zao za MAC (kitambulisho cha kila mashine kwenye mtandao). Waifai ya simu haina kizuizi chochote, na ndiyo iliyokuponza. Mashine za 9.00 zisipewe nywila ya simu ya mtu yeyote, hata kwa dakika tano.

Utaniuliza: bila intaneti nitakraki vipi kila asubuhi, maana ikizimwa ukraki unaondoka? Njia ya 9.00, iliyotoka Desemba 2021, inahitaji vitu viwili: ukurasa unaofunguliwa kwenye brauza ya PS4, na flashi iliyoandikwa kwa namna maalumu inayochomekwa kwa wakati wake. Kuna kifaa kidogo cha ESP32-S2 kinachofanya yote mawili. Unakichomeka kwenye tundu la USB, kinatoa waifai yake yenye ukurasa ule, na kinajifanya flashi muda ukifika. Waifai hiyo haina njia ya kwenda nje, kwa hiyo mashine imeunganishwa na bado haiwezi kufika seva yoyote. Kwa banda, sijaona kitu bora kuliko hicho. Kila mashine iwe na chake.

Mashine ikiwa imekrakiwa, weka pia kizuizi cha ndani. Kuna programu ndogo ya kuzuia apdeti inayotengeneza folda yenye jina PS4UPDATE.PUP pale pale ambapo faili la apdeti hupakuliwa. Mfumo ukitaka kuhifadhi faili unakuta jina limekaliwa na folda, unashindwa. Ni ufundi rahisi na unafanya kazi, lakini folda hiyo imo kwenye diski, kwa hiyo ukibadilisha diski uiweke tena. Na usiitegemee kwa CD wala kwa flashi.

CD ni mlango ambao mwenye banda la mpira lazima aujue. CD halisi ya gemu huja na mfumo ndani yake. Ikitaka toleo lililo juu ya 9.00, mashine itapendekeza kujiapdeti kutoka kwenye CD hiyo hiyo, bila hata chembe ya intaneti. Toleo 9.00 lilitoka Septemba 2021, hivyo CD yoyote ya mpira ya misimu iliyofuata ichukulie kuwa ina apdeti mpaka uthibitishe vinginevyo. Mteja akija na CD yake, iingie kwenye mashine isiyo ya 9.00. Flashi za wateja nazo zisichomekwe. Kama una mahali pa kuweka mashine, zifungie kwenye kabati la mbao lenye wavu wa kupitisha hewa, padi tu zitoke nje, utakuwa umeziba CD, flashi na kitufe cha Safe Mode kwa mkupuo.

Umeme, kwa banda, ni sehemu ya ulinzi wa toleo, kwa sababu ndio unaoua diski. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya VA 650 inabeba Slim moja na TV ndogo ya LED kwa dakika chache, muda unaotosha kuzima kwa menyu. Jambo jingine watu hawalihesabu: ukraki ukishindwa, mashine hujizima ghafla, na kwa diski hiyo ni sawa na kuchomoa waya. Ukiona inashindwa mara mbili mfululizo, acha kung'ang'ana. Zima kabisa, subiri kidogo, washa, na usifungue kitu kingine chochote kabla ya brauza.

Na faili lile kubwa la 9.00, ukishalikagua, liweke kwenye flashi mbili zikae sehemu tofauti. Bandika karatasi nyuma ya kila mashine: namba ya modeli inayoanza na CUH, toleo, na maneno "usiapdeti, tumia faili la mwenye mashine". Siku haupo bandani na kijana wako amempelekea fundi, karatasi ile ndiyo itakayosema.

Nimebakisha mashine ya kwanza. Flashi ya 60,000 usinunue. Hakuna programu ya flashi inayoshusha toleo la PS4, na anayekuuzia hiyo anakuuzia hewa.

Njia iliyopo inapitia kwenye bodi. Chipu ya mfumo ina nafasi mbili za toleo: inayotumika na iliyotangulia. Apdeti mpya huandikwa kwenye nafasi isiyotumika, kisha mashine hubadilisha nafasi. Kama mashine yako iliruka mara moja tu kutoka 9.00, basi 9.00 bado imo, imelala kwenye nafasi ya pili. Fundi wa bodi anayejua kusoma chipu ya mfumo na ile ya syscon (inayosimamia uwashaji wa mashine) anaweza kuirudisha mashine kwenye nafasi hiyo, halafu diski isakinishwe upya kwa faili lile lile la 9.00. Kabla hajaandika chochote, asome kila chipu mara mbili na nakala zifanane kabisa: MB 32 kwa ya mfumo, KB 512 kwa ya syscon. Zikitofautiana hata kidogo, usomaji ni mbovu, na akiandika hapo mashine inakufa. Muulize ameshafanya ngapi na nakala anazihifadhi wapi. Akikujibu kwa maneno ya jumla, chukua mashine yako.

Uwezekano huo unafutika kwa apdeti moja tu zaidi, au kwa kusakinisha mfumo upya kwa namba 7, maana nafasi ya pili itaandikwa juu yake. Kwa hiyo tangu leo mashine hiyo iwe nje ya mtandao mpaka uamue.

Ushauri wangu kwa banda lako ni kuiacha ilivyo na kuifanya mashine ya mtandaoni na ya CD za wateja. Zile za 9.00 haziwezi kuingia PSN (mtandao wa Sony wa kuchezea), kwa sababu PSN hudai toleo la karibuni, na wateja wako wanaotaka mechi za mtandaoni watakusumbua siku zote kama huna pa kuwapeleka. Itumie na akaunti mpya na gemu zilizonunuliwa, usiweke akaunti iliyowahi kutumika kwenye mashine zilizokrakiwa. Ila siku utakapoiunganisha itadai apdeti tena, na hapo 9.00 yake itakuwa imekwisha. Zungumza na fundi wa bodi kwanza, usikie bei yake, ulinganishe na bei ya PS4 Slim iliyotumika hapo Kahama, ndipo uichomeke waya.